Mama ameacha sukari, mbona kipimo hakishuki?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi naye Muheza. Miezi minne iliyopita aligundulika ana kisukari, akaanzishiwa metformin ya miligramu 500 asubuhi na jioni. Tangu siku hiyo sukari haigusi, chai anaweka asali. Sembe ameacha, anakula dona au bada, yaani ugali wa muhogo. Machungwa tumemkataza, ila asubuhi namkamulia glasi ya juisi isiyoongezwa kitu. Usiku hali, anakunywa uji wa lishe tu na kulala. Na bado asubuhi mashine inasoma 9, siku nyingine 12. Ameanza kukata tamaa. Jirani kamletea unga wa mlonge na chupa ya dawa ya mitishamba, naye anataka kuacha vidonge. Ramadhani haiko mbali na anasema lazima afunge. Halafu tukimpakulia sahani yake peke yake analia, anasema tumemtenga. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nikawa napigia mstari kila palipo na sukari. Nilipomaliza mistari ilikuwa imejaa, na sukari yenyewe umeitaja mara moja tu, tena kusema kwamba haigusi.

Jina la ugonjwa huu limetuponza wengi. Tunauita kisukari, mitaani wanauita sukari, basi mtu akitoka kliniki anakwenda moja kwa moja kugombana na kopo la sukari jikoni. Akishalishinda anajiona kamaliza kazi. Lakini tumbo haliulizi kama kilichoingia kilikuwa kitamu au hakikuwa. Ugali, wali, muhogo, ndizi, tambi na mkate vyote vina wanga, na wanga ukifika kwenye utumbo unavunjwavunjwa kuwa glukosi, ileile ambayo mashine yenu inaisoma asubuhi.

Nikupe mfano nilioupima kwa mkono wangu. Nilimtembelea mama mmoja, rika la mama yako, aliyekuwa na malalamiko kama haya: chai kavu, soda hapana, na kipimo hakishuki. Nilimwomba apike mchana kama siku zote, ila unga wake wa sembe aupitishe kwanza kwenye mizani yangu ya jikoni. Sehemu ya ugali wake yeye, bila ya watoto, ilichukua unga gramu 200. Tena alinong'ona kwamba leo kapunguza kwa sababu kuna mgeni. Gramu 200 za unga huo zina wanga kama gramu 150. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Tulipiga hesabu pamoja: mama alikuwa amenyimwa vijiko viwili kwenye chai, akaachiwa vijiko zaidi ya 35 kwenye sahani. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama mizani yangu ni nzima.

Sasa tuje kwenye dona. Kuacha sembe mmefanya vizuri, kwa sababu dona ina pumba na kiini cha mahindi, na pumba zinapunguza kidogo kasi ya sukari kupanda. Sisitizo langu liko kwenye neno kidogo. Unga wa dona, wa mtama, wa ulezi, wote karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga. Nimeona wagonjwa walioambiwa "kula mtama" wakajipakulia mara mbili, wakidhani wamekula dawa. Bada ndiyo ngumu zaidi. Najua nikiisema vibaya bada mbele ya mtu wa Tanga natafuta ugomvi, lakini unga wa muhogo una wanga mwingi kuliko hata wa mahindi, na protini yake ni kiduchu. Simkatazi. Namwambia siku ya bada awe mkali zaidi wa kiasi, na mchuzi wa samaki ulioandamana nayo uwe na samaki kweli, si maji ya nazi yaliyopitiwa na papa.

Kiasi gani? Mizani hamna haja nayo, tumieni ngumi yake mwenyewe. Ugali wa mlo mmoja usizidi ngumi yake iliyokunjwa, na wali ni hivyohivyo. Kisha mboga za majani zijaze nafasi ya ngumi mbili: mchunga, mchicha, kisamvu, matembele, bamia, chochote kilichopo gengeni. Halafu kitoweo cha kutosha kiganja: samaki, dagaa, mayai, maharage, kunde au choroko. Hapa watu wengi wanafeli kwa sababu wanapunguza ugali bila kuongeza kitu, njaa inauma, na saa kumi mama yuko jikoni anatafuta mihogo ya kukaanga. Ngumi ya ugali inawezekana tu kama mboga imeongezeka. Na mboga aianze: vijiko kadhaa vya mchunga na kipande cha samaki kwanza, ndipo ugali ufuate. Sukari hupanda taratibu zaidi wanga ukiingia tumbo likiwa tayari lina nyuzinyuzi na protini. Maharage nayo yana wanga wake, ila unasagika polepole, kwa hiyo akila ugali na maharage, ngumi ipungue kidogo.

Kwenye asali mmeruka majivu mkakanyaga moto. Asali ni sukari yenye harufu nzuri na maji kidogo ndani yake. Kijiko cha chai cha asali ni kizito kuliko cha sukari, hivyo kinabeba sukari gramu 5 au 6 badala ya 4. Kutoka kwa nyuki hakubadili kitu mwilini. Chai anywe na tangawizi, iliki au mchaichai, bila utamu. Wiki mbili za kwanza atanung'unika, baada ya hapo ulimi unazoea.

Juisi ilinifanya nicheke, uniwie radhi. Mmemkataza chungwa moja, mkamkamulia matatu au manne kwenye glasi! Glasi ya mililita 300 ya juisi ya machungwa matupu ina sukari ya karibu vijiko sita au saba vya chai, na soda ya ujazo huohuo ina kama vinane. Tofauti haipo ya kujivunia. Zaidi ya hapo mnampa asubuhi, saa ambayo sukari yake tayari iko juu, na tumbo halina kitu cha kuizuia. Juisi iacheni, machungwa yarudisheni. Kukaa Muheza bila kula chungwa ni adhabu isiyo na sababu. Ale moja, baada ya mlo, ila asile kwa mtindo wetu wa kumenya ganda la juu, kukata kichwa, kufyonza na kutupa makapi, maana hiyo ni juisi bila glasi. Alimege vipande ale na nyama yake yote. Parachichi halina shida. Embe, fenesi na ndizi mbivu ale kipande, siyo sahani.

Sasa asubuhi, ambayo naona ndiyo inayowavunja moyo. Kwa nini mtu alale na uji mtupu, aamke na 12? Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni huo uji. Unga umesagwa laini, umepikwa na maji mengi, hautafunwi, unateremka tumboni haraka na sukari inapanda kwa kasi. Jina la lishe linatudanganya. Umetengenezwa kwa mtoto anayekua na kwa aliyedhoofika, haukukusudiwa mtu wa miaka 61 mwenye kisukari anayekwenda kulala.

Sababu ya pili ni ini. Ini ni ghala la glukosi. Mtu akilala bila kula, ubongo hauendi likizo, na ini hutoa akiba yake kidogo kidogo kuulisha. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni za kumwandaa mtu kuamka, nazo hulisukuma ini litoe zaidi. Kwa asiye na kisukari, insulini, ile homoni inayoshusha sukari, inaliambia ini basi, inatosha. Kwa mama yako ini limekuwa zito wa kusikia, linaendelea kumwaga. Kwa hiyo namba ya asubuhi si hukumu ya alichokula jana peke yake, na kumlaza na njaa hakutaishusha. Kunamfanya tu afidie mchana. Usiku ale chakula cha kweli, mapema, kabla au mara baada ya Isha: mboga, samaki au dagaa, na nusu ngumi ya wanga. Uji muacheni mjukuu anywe.

Na msipime asubuhi tu. Najua stripu ni ghali, hivyo zitumieni kwa akili. Chukueni siku moja ya bada, mpime kabla ya kula, kisha tena saa mbili tangu alipoanza kula. Siku nyingine fanyeni hivyo kwa wali, siku nyingine kwa ugali wa ngumi moja na mchunga mwingi. Andikeni kwenye daftari la shule: chakula, kiasi, namba ya kwanza, namba ya pili. Kwa watu wazima wengi tunalenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na isivuke 10 saa mbili baada ya mlo, ingawa daktari anaweza kumwekea mama lengo lake kulingana na hali yake. Namba hizo mbili mbili zitamfundisha mama kuliko maneno yangu yote, kwa sababu ni mwili wake unaozungumza.

Kuhusu vidonge sitazunguka: asiache. Metformin kazi yake kubwa ni kulizuia lile ini lisimwage sukari hovyo. Akiiacha, anamfukuza mlinzi wa ghala. Halafu miligramu 500 mara mbili kwa siku ni dozi ya kuanzia. Kama baada ya miezi minne asubuhi bado ni 9 hadi 12, daktari ana nafasi ya kuipandisha au kuongeza dawa nyingine, baada ya kuangalia figo zake. Kazi hiyo ni ya daktari, mimi ni mtu wa lishe, na wewe usimwongezee mwenyewe. Mrudisheni kliniki mwezi huu na lile daftari, ombeni na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu iliyopita. Kama vidonge vinamsumbua tumbo, avimeze katikati ya chakula, na aseme, kwa sababu ipo aina inayoyeyuka taratibu. Wengi huacha dawa kimyakimya kwa kuona aibu ya kusema wanaharisha.

Mlonge ni mboga. Majani yake mpikieni na karanga kidogo, ale kwa raha zake, kwani ni mboga nzuri. Kuufanya mbadala wa dawa ndiko ninakokataa. Chupa ya jirani inanitia hofu zaidi. Katika nchi mbalimbali imewahi kugundulika "dawa za asili za kisukari" zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali kama glibenclamide, ambayo hulikamua kongosho litoe insulini. Sukari inashuka kweli, mteja anafurahi, mpaka siku inaposhuka kupita kiasi usiku na mtu haamki. Chupa isiyoandikwa kilichomo isiingie mdomoni mwa mama. Mshukuruni jirani, mema yake myapokee, chupa iwekeni kando.

Mtakalolipenda kwa sababu halina gharama ni kutembea baada ya kula. Msuli unaofanya kazi huchota glukosi kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa inafanya kazi kwa uvivu. Pwani tuna tabia yetu: tukila tunanyooka barazani. Mama akimaliza chakula cha mchana na cha jioni, anyanyuke atembee dakika 10 hadi 15, mwendo wa kumfanya aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Aende mpaka kwenye michungwa na kurudi. Zikifika dakika 150 kwa wiki, tumefika pale Shirika la Afya Duniani linapotaka. Siku ya mvua, ainuke na kukaa kwenye kiti mara 10, apumzike, arudie, maana mapaja ndiyo misuli mikubwa zaidi aliyonayo.

Hukuniambia uzito wake. Kama ni mnene, hasa kiunoni, miezi minne tangu agundulike ni wakati wa dhahabu. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza kwa watu wenye kisukari aina ya pili, kile kinachowapata zaidi watu wazima, kisichozidi miaka sita. Waliosaidiwa kupunguza uzito kwa mpango maalumu wa chakula, asilimia 46 kati yao walikuwa baada ya mwaka na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Ulikuwa mpango mkali chini ya uangalizi, msiuige nyumbani. Lakini hata kilo nne tano kwa mwanamke wa kilo 80 huonekana kwenye mashine. Kama amekonda, tena anaendelea kukonda huku akikojoa sana na kiu haimwishi, hapo habari ni nyingine. Msingoje tarehe ya kliniki, mpelekeni.

Ramadhani. Mgonjwa amepewa ruhusa na Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara aya ya 184 na 185, na mwambieni hivyo kwa upole. Lakini anayetumia metformin peke yake, sukari yake haishuki kirahisi, na wengi wa aina hii daktari huwaruhusu wafunge. Amuone wiki sita hadi nane kabla, ili dozi zipangwe upya kwa futari na daku. Kama ataongezewa glibenclamide au insulini, shauri linabadilika, asifunge bila kukaa na daktari. Akiwa amefunga aendelee kupima. Kujichoma kidole hakubatilishi saumu, masheikhe wengi wameshalisema. Ikisoma chini ya 3.9 au ikavuka 16.6, afungue hapohapo hata kama imebaki nusu saa adhana. Iliyoshuka itibiwe kwa vijiko vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, mpime tena baada ya dakika 15. Naam, hapo ndipo kopo la sukari linapopewa heshima yake. Akizimia, msimmiminie kitu mdomoni, kimbilieni hospitali.

Ila kinachomharibia mfungaji wa kwetu mara nyingi si njaa ya mchana. Ni meza ya magharibi. Hebu itazame: uji wa pilipili manga wenye sukari, tende, mihogo ya nazi, viazi vitamu, magimbi, ndizi za nazi, tambi, kaimati zinazoelea kwenye shira. Ukiondoa bakuli la mbaazi, meza nzima ni wanga uliovaa kanzu tofauti. Mama achague mmoja tu, ngumi moja, leo muhogo, kesho kiazi. Tende moja na maji zinatosha kufungulia. Kisha mbaazi, samaki na kachumbari ndiyo viwe shibe. Kaimati awapikie wengine, na kuonja utamu amwachie mjukuu. Daku aichelewishe mpaka karibu na alfajiri, tena iwe ya mbaazi au mayai na mboga, kwani chai na mkate vitamwacha na njaa kabla ya saa nne.

Miguu kidogo. Kila jioni umkague nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu ganzi ikianza hatasikia mwiba. Asitembee peku hata uani, na maji ya moto ya kuogea ayapime mtu mwingine kwa kiwiko. Macho yakaguliwe kila mwaka, kuanzia mwaka huu. Presha msiisahau.

Nimeliacha sinia la mwisho kwa makusudi, maana nadhani hapo ndipo mambo yenu yamekwama. Mama aliyekula sinia moja na watu wake miaka 60 hawezi kupewa sahani ya bati pembeni asijisikie amekuwa mgonjwa wa kuambukiza. Halafu kwenye sinia la pamoja nani anajua kala kiasi gani? Sahani yake iondoeni. Wewe unayesonga, kabla ya kupakua megea kwanza ngumi yake, iwekee mbele ya pale anapokaa, halafu ugali wa wengine uwe upande wa pili. Katikati mjaze mboga mpaka sinia lilalamike, na kitoweo juu yake. Mboga ya kila mtu ni ileile. Hili si la kumfurahisha yeye tu. Wewe ni mtoto wa mwenye kisukari, uwezekano wako wa kukipata ni mkubwa kuliko wa jirani, kwa hiyo siku mtakapokwenda kliniki na wewe nyoosha kidole upimwe. Na mezani ukae mkono wake wa kulia. Ukiona vidole vyake vinavuka kuelekea ugali wa wajukuu, usiseme kitu, msogezee mchunga.